Mfalme Mwenye Kuku Kichwani

Vijana wangu, nimeacha kazi kabla ya umri wa kuacha kazi. Nina miaka arobaini na saba, na watu wakiniona asubuhi nimekaa barazani hapa Lushoto, mkongojo umeegemea ukuta, hudhani ni uvivu. Si uvivu, ni magoti. Fundi mizani wa milima hii alikuwa hasubiri kazi imfuate. Alipanda kwa miguu kutoka Mombo hadi Soni, akakata kwenda Bumbuli, akateremkia Bungu, akapanda tena Vuga, na mgongoni alikuwa na sanduku la mawe ya chuma ya kupimia. Mawe yale hayapungui uzito kwa sababu wewe umechoka. Kutopungua ndiyo kazi yao.

Mnanijia mmoja mmoja mkitaka niwafundishe. Mizani yenu ya siku hizi ina uso kama saa na ndani ina springi, na kuhusu springi sina mengi ya kusema. Lakini lipo kosa moja nililofanya ambalo nataka mlijue, na ili mlielewe itabidi niwapitishe njia ya kuzunguka. Mnivumilie. Nimezoea kuzunguka. Hata leo, siku ya gulio ikifika, miguu inaniwasha, nami husimama na kwenda hadi kona ya barabara nikaangalie tu malori ya kabichi yakiteremka, kisha narudi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mhando, Mbondei wa Muheza, mtu mfupi mwenye kucha safi kuliko za daktari. Nilimfuata mwaka uleule bendera ilipobadilishwa. Nilikuwa nimetoka shule, vyeti vimekunjwa mfukoni, nikakusudia kukaa naye mwezi mmoja huku nikitafuta kazi ya ofisini. Hiyo ofisi sijaiona mpaka leo.

Mzee Mhando hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mizani ya sahani mbili inaegemea visu, yaani vile vyuma vidogo vyenye makali vilivyo chini ya ule mkono unaobeba sahani, na kwamba mtu anayepaka mafuta kwenye visu anyimwe chakula. Mafuta huvuta vumbi, vumbi huwa tope, na tope hilo ndilo linalompunja mjane maharage yake. Visu hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Jambo la pili alilosema kila siku, hata nikawa namkamilishia sentensi, ni hili: kabla hujavua sahani, ziwekee alama. Sahani mbili za mizani ni mapacha. Mama yao anawajua, wewe huwajui. Alitumia msumari, akakwaruza kimsitari kidogo ukingoni mwa sahani ya kushoto, ndipo akaifungua minyororo.

Nilidhani ni uzee. Kwa macho yangu ya shule, sahani ni sahani.

Siku aliyonituma peke yangu mara ya kwanza nilikwenda Mtae, kule ukingoni ambako mlima unaishia ghafla na nyika inaanza chini kabisa. Mizani ya duka moja ilikuwa haitulii. Ulimi wake, ile sindano ya katikati, ulicheza kushoto na kulia kama mtu anayekataa jambo. Nikavitoa visu, nikavifuta, nikavirudisha. Haitulii. Nikaanza kuvipiga tupa. Nusu siku nzima niko na tupa, mwenye duka ananiangalia, mpaka akaja bibi mmoja kununua chumvi. Alinitazama kidogo, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, si ungeondoka hapo mlangoni? Upepo huo unazima hata moto wangu." Nikaihamishia mizani nyuma ya kaunta. Ikatulia palepale. Ila visu nilikuwa nimeshaviharibu, na Mzee Mhando alikuja mwenyewe kuvibadilisha. Hakunigombeza. Alimletea yule bibi pakiti ya chumvi na kumwita mwalimu wangu wa pili.

Sasa niwaambie habari za sarafu, maana ni mizani iliyonifikisha huko.

Zamani rupia ya fedha ilijulikana uzito wake, kwa hiyo jiwe dogo likipotea mwenye duka aliweka rupia mahali pake. Hao hawakuwa na ubaya. Wapo wengine waliobandika sarafu chini ya sahani, upande wa nje usioonekana. Angalieni hapa vizuri. Mizani ina sahani ya bidhaa na sahani ya mawe. Sarafu ikibandikwa chini ya sahani ya bidhaa, maharage yanaonekana mazito kuliko yalivyo, na mnunuzi anapunjwa. Mimi nikiikuta naibandua, na mwenye duka anaapa kwamba hajawahi kuiona maishani mwake. Kwa kuwa haina mwenyewe, inakuwa yangu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kukusanya.

Pale Soni nikawakuta wenzangu wawili, wote wakubwa kwangu. Mmoja alikuwa Mzee Athumani, fundi cherehani, ambaye sarafu alizipata kwenye pindo za makoti na kanzu za zamani alizoletewa kufumua. Watu walizishonea humo wakazisahau. Alizitunza kwenye kopo la majani ya chai. Mwingine alikuwa Mzee Zakaria, mkulima wa plamu na peasi, mzee wa kanisa, mrefu, mpole, mwenye sauti nzito ya kwaya. Yeye zake zilitoka ardhini. Shamba lake lilikuwa mahali ambapo Mjerumani aliwahi kuishi, na jembe lilikuwa likizifukua. Hawa wawili walikuwa mashemeji. Mke wa Zakaria, Mama Naemi, na Athumani walikuwa watoto wa dada na kaka. Ndivyo ilivyo huku kwetu, ukoo mmoja una wa msikitini na wa kanisani, na sikukuu zote wanakula pamoja. Na shemeji kwetu ana ruhusa ya kukutania mahali popote, hata pale ambapo mwingine angefukuzwa.

Tulikutana kila siku ya gulio kwenye kibaraza cha cherehani. Thamani ya sarafu hatukuijali. Tulichojali ni sura. Sharti letu lilikuwa moja: kila kichwa kipewe jina, na jina halipiti mpaka wote watatu tucheke. Mmoja akinuna, sarafu inabaki bila jina mpaka gulio linalofuata.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Ulaya kwenye sarafu kubwa ya fedha, kifua kama mito miwili na kidevu juu ya kidevu. Huyo tulimwita Mama Mkwe Amefika. Kulikuwa na mfalme wa Waingereza mwenye upara na ndevu, anatazama mbele kama aliyesahau alichofuata chumbani. Huyo alikuwa Nimekuja Kuchukua Nini. Mwingine kwenye rupia ya Kihindi alivaa joho lenye mnyama mdogo aliyechorwa kifuani. Athumani alisema ni nguruwe, Zakaria akasema ni tembo ambaye mkonga wake umefupishwa na mchoraji mvivu. Walibishana majuma mawili. Mwisho jina likawa Muulize Mwenyewe.

Lakini mkubwa wao wote alikuwa rupia ya Mjerumani, aliyoifukua Zakaria kwenye shina la mplamu. Mfalme wao amevaa kofia ya chuma, masharubu yamesimama kama pembe, na juu ya kofia ametua ndege mzima, mabawa wazi. Waliosoma wanasema ni tai. Ukubwa wake na namna alivyokaa, jamani, ni kuku anayetaka kutaga. Tukamwita Mfalme Mwenye Kuku. Siku tuliyompa jina Athumani alicheka mpaka akaivunja sindano ya cherehani.

Sarafu mpya za Jamhuri zilipotoka, zenye kichwa cha Rais wetu, niliiweka moja mezani nikauliza tumwiteje. Zakaria aliichukua, akanirudishia taratibu. "Huyu mwache," akasema. "Huyu bado yuko kazini." Sharti likaongezeka: anayefanya kazi hapewi jina.

Mama Naemi alikuwa akituletea chai hapo kibarazani, kisha anarudi kwenye maharage yake hatua chache tu kutoka hapo. Mama huyu nataka mumjue. Alikuwa na mizani ya shaba ya sahani mbili, aliyoachiwa na shangazi yake, na hakuna aliyeitunza mizani kama yeye katika safari zangu zote, toka Muheza hadi Mlalo. Ila alikuwa na sifa moja mbaya: hakutoa nyongeza. Mnajua gulioni mtu akishapimiwa husema "ongeza kidogo", na muuzaji hutupia punje chache kwa mkono. Kwa Mama Naemi neno hilo halikufanya kazi. "Mizani imeshasema," alijibu, anafunga kifurushi. Watu walinung'unika. Waliendelea kununua kwake, lakini walinung'unika.

Siku moja nilimuuliza mbona anakuwa mgumu hivyo kwa punje kumi. Alikuwa anapepeta njegere, hakuinua uso. Alisema nyongeza inakwenda kwa wenye midomo. Mwenye sauti kubwa anaongezewa mara mbili. Mwanamke aliyefiwa na mume, au aliyetumwa na mkwe wake anaogopa hata kutazama watu, huyo haombi na hapati. Halafu akaniuliza, "Fundi, mizani inaweza kukosea kwa upande wa mnunuzi?"

Nilimjibu kwa kiburi cha vyeti vyangu. "Mama, mizani haina upande. Ikikosea imekosea."

Alicheka kidogo. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Haukupita muda mrefu Mfalme Mwenye Kuku akapotea. Zakaria alikuwa anaziweka sarafu zake kwenye soksi nyumbani, na soksi ilipomwagwa kibarazani siku ya gulio, hayumo. Tulitafuta hadi kwenye vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Kwa kuwa Athumani ndiye aliyempenda kuliko wote, Zakaria alianza kumtania kwamba amemshona kwenye pindo la kanzu yake. Utani huo uliendelea miaka. Kila salamu ilikuwa "Shemeji, kuku wangu ametaga mangapi?" Athumani mwanzoni alicheka, baadaye alichoka, na kuna majuma aliondoka kibarazani kabla Zakaria hajafika. Mama Naemi alimimina chai, akarudi kwenye maharage yake.

Kisha ikaja kazi ya kilo. Serikali iliondoa ratili na wakia, na kila jiwe la zamani ikabidi lifutwe kazini. Sijawahi kutembea vile. Mzee Mhando alikuwa ameshafariki, kwa hiyo milima yote ilikuwa yangu. Ndio wakati huohuo kijiji cha akina Zakaria kilipokuwa kinafungua duka la ushirika. Na katikati ya hayo, kwenye baridi ya mwezi wa saba, ukungu umekaa juu ya migomba siku nzima, Mama Naemi akashikwa na kichomi. Hakumaliza juma.

Nilifika siku ya tatu ya matanga. Mzee Zakaria alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, blanketi mabegani, sahani ya bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage mbele yake haijaguswa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa midomo tu, sauti haikutoka. Binti yake, Naemi, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga, alinivuta pembeni akaniambia baba hajala tangu mazishi, na kwamba amesema hadharani hataki tena kukaa duniani kuangalia milango ambayo mama haingii.

Mchana ule Athumani akaja na kopo lake. Watu walitazamana. Alikaa mkekani miguuni kwa shemeji yake, akaanza kuzipanga sarafu moja moja. Akamwonyesha Mama Mkwe Amefika, akamwambia huyu ametumwa na wajomba kuja kumsimamia ale. Wanawake waliokuwa wanachambua mboga walicheka kwa kujizuia. Zakaria hakucheka. Akamwonyesha Muulize Mwenyewe, akalianzisha tena lile bishano la nguruwe na tembo. Zakaria akasema, "Labda ni nguruwe." Hapo nikaogopa kweli. Miaka yote hakuwahi kukubali.

Mwisho Athumani akatoa sarafu ambayo hata mimi sikuwahi kuiona. Ilikuwa ndogo, ya shaba iliyogeuka kijani, kingo zimelika. Aliibadilisha kwa suruali aliyomshonea daktari mmoja mgeni, na daktari alimwambia ina umri wa karibu miaka elfu mbili, ni ya watawala wa Roma. Juu yake palikuwa na mtu mwenye shingo nene na pua iliyovunjika, amevaa majani kichwani kama aliyetoka kupalilia akasahau kujipangusa, na uso umekasirika kama aliyesingiziwa jambo.

"Huyu hana jina," Athumani alisema. "Nimekuwekea wewe, shemeji. Mpe jina."

Zakaria aliishika muda mrefu. Kisha aliilaza kifudifudi mkekani. Akachukua ya pili, akailaza kifudifudi. Akaenda hivyo mpaka vichwa vyote vikawa vinatazama chini. "Wote hawa walishakufa, Athumani," akasema. "Sisi tulikuwa tunawacheka wafu."

Athumani alizikusanya sarafu zake. Lakini kesho yake alirudi na kopo. Na kesho kutwa. Hilo ndilo ninalomheshimia mpaka leo. Alifunga cherehani wakati watu walikuwa wanamdai nguo, akawa anakuja kila mchana na vichwa vyake, anavipanga mbele ya mtu asiyecheka.

Siku niliyotaka kuondoka, Zakaria aliniita. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeamua kwamba duka la ushirika litumie mizani ya marehemu. Walisema hakuna aliyewahi kuishuku. Hata walionung'unikia nyongeza walinyoosha mikono. Akaniomba niitengeneze na kuitafutia mawe ya kilo.

"Ndicho kitu kilichobaki chenye jina lake," aliniambia. "Ukiikuta na kasoro, uniambie mimi kwanza. Mimi, si mwenyekiti."

Nikaibeba mpaka chumba nilichopanga Soni. Asubuhi nikaketi mlangoni kwenye mwanga, nikafungua minyororo, nikazishika sahani mkononi. Chini ya mojawapo vidole vyangu viligusa nta.

Mlio na uzoefu mdogo hamjui moyo unavyoshuka. Ilikuwa nta ya nyuki, tabaka juu ya tabaka, kama kitu kinachobandikwa na kubanduliwa mara nyingi. Nikakumbuka kwamba kila mwaka mkaguzi alipokaribia, mama yule ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita, na mizani yake siku hiyo ilikuwa sawasawa. Anayebandua kabla ya ukaguzi ni mwizi. Nimewaona wengi. Katikati ya nta palikuwa na sarafu, na nilipoing'oa na kuigeuza, alikuwa Mfalme Mwenye Kuku.

Nilifanya nini? Nilifanya kile ambacho fundi hafanyi. Niliona aibu kwa niaba yake, nikataka alama zote ziondoke kabla hajapita mtu. Nikakwangua nta. Nikachota majivu na ndimu, nikazisugua sahani zote mbili, nje na ndani, mpaka zikang'aa. Nikazilaza juani kando kwa kando. Ndipo nilipokaa, nikaangalia, nikaisikia sauti ya Mzee Mhando.

Sikuwa nimeweka alama.

Na lile swali likanijia kwa kuchelewa: nta ilikuwa chini ya sahani ipi? Kama ni ya bidhaa, Mama Naemi alimpunja kila mtu Soni kwa miaka, na mumewe aliyeniomba nimweleze yeye kwanza angezika jina lake baada ya mwili wake. Kama ni ya mawe, basi ni kinyume kabisa: kila mnunuzi alikuwa akipata zaidi. Sarafu moja, upande huu wizi, upande ule zawadi. Nami nilikuwa nimefuta ushahidi kabla sijausoma.

Siku tatu nilitembea na rupia ile mfukoni. Nilipita kwa Zakaria kila mchana, nikamkuta Athumani anapanga vichwa, nikaondoka nayo. Naemi aliniambia baba anaulizia mizani kila asubuhi, na hilo ndilo tu analouliza.

Siku ya nne ukungu uliondoka mapema. Nilizitoa sahani tena mlangoni nikazigeuza taratibu kwenye jua la pembeni, jinsi unavyotazama kioo ukitafuta ufa. Chini ya moja palionekana duara, jepesi sana, rangi ya shaba isiyoona hewa kwa muda mrefu. Majivu yalikuwa yamelipunguza, hayakulimaliza. Lilikuwa sawa na rupia. Nikavuta pumzi, nikaigeuza sahani ile nione uso wake wa juu.

Vijana, wekeni hili akilini. Maharage hayaumizi shaba. Yanaikwaruza tu. Jiwe la chuma linaloshushwa mara mia kwa siku, miaka nenda miaka rudi, linaacha bonyeo. Sahani ile ilikuwa na mabonyeo ya duara katikati, moja ndani ya jingine, ratili na nusu ratili. Pacha wake hakuwa na hata moja. Nilipitisha kidole mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ilikuwa sahani ya mawe.

Kwa Zakaria nilifika ninahema. Athumani alikuwapo na kopo. Niliining'iniza mizani kwenye boriti ya kibaraza, nikamwomba Naemi bakuli la maharage, nikaweka jiwe jipya la kilo upande wake. Nikamwambia Mzee Zakaria apime mwenyewe. Alisimama kwa shida. Alimimina mpaka ulimi ukasimama wima.

"Sawa?" nikauliza.

"Sawa."

Nikaipasha nta kidogo kwa kiganja, nikaibandika sarafu chini ya sahani ya mawe bila kumwonyesha uso wake. Sahani ikashuka. "Ongeza mpaka isimame," nikamwambia. Akaongeza punje, punje, punje, hadi zikafika za kujaa kiganja cha mtoto. Ulimi ukasimama.

"Hiyo ndiyo nyongeza yake," nikasema. "Ndivyo nilivyoikuta."

Alizitazama punje zile. Nikamweleza yote, pamoja na ujinga wangu wa majivu. Akauliza, kwa sauti yake ya kwaya ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipofika, "Kila mtu?"

"Kila aliyepimiwa. Aliyeomba na asiyeomba."

"Nami nilikuwa namgombeza," akasema. "Nilimwambia watu wanasema mke wa mzee wa kanisa ana mkono mkavu. Akaniambia, mizani imeshasema." Alipeleka mkono chini ya sahani, akaibandua sarafu, akaigeuza.

Athumani alisogea, akachungulia begani kwake, akamwona kuku.

"Lete hapa," akasema. Akaiweka karibu na jicho. "Miaka yote hii nimeitwa mwizi. Na mwizi alikuwa ananimiminia chai."

Zakaria alitoa sauti ambayo mwanzoni nilidhani ni kilio. Bega moja lilitikisika, kisha la pili, blanketi likaanguka. Alikuwa anacheka. Alicheka huku machozi yanashuka, akakaa chini, akacheka tena. Naemi alitoka ndani mbio, akasimama mlangoni, mikono kinywani.

"Nani ataniomba radhi sasa?" Athumani aliendelea, amevimba kweli. "Wewe, au nimfuate huko aliko?"

Zakaria alinyoosha mkono kwenye kopo, akapekua, akaitoa ile sarafu ya kijani ya yule mtu wa Roma mwenye uso wa kusingiziwa. Akaiinua kando ya uso wa shemeji yake, akalinganisha. "Huyu," akasema, "ni Athumani Hakuiba."

Tulicheka wote watatu. Jina likapita.

Jioni hiyo alikula.

Kwa mwenyekiti wa kijiji nilikwenda mwenyewe. Nilimwambia mizani ya marehemu ina kasoro ambayo siwezi kuitoa, nikawapa ya kwangu mwenyewe iliyo sawasawa, maana duka la umma halifai kupima kwa moyo wa mtu mmoja. Hakuuliza zaidi. Tulikubaliana watatu kutosema, na sasa wenzangu wote wawili wametangulia, ndiyo maana nasema.

Mizani ile ilibaki imening'inia kibarazani kwa Zakaria, na jirani akija kuomba maharage alipimiwa hapo. Lakini kabla sijaondoka Mzee Zakaria aliniomba niirudishe kama ilivyokuwa, na sarafu yake. Nilisita. Nilipoanza kazi nilikuwa nimeapa kwa Mzee Mhando kwamba sitaharibu mizani ya mtu. Kisha nikatoa msumari, nikakwaruza kimsitari ukingoni mwa sahani ya mawe ili safari hii nisikosee, nikapasha nta mpya kiganjani. Katika kazi yangu yote ndiyo mizani pekee niliyoiharibu kwa makusudi. Niliibandika sarafu kichwa kikitazama nje, ili atakayeinama kuokota punje zilizomwagika akutane na mfalme na kuku wake.